Mbio za Ukingoni

Mechi ya kwanza, Kigali: sifuri.
Niliandika kwa wino mwekundu, maana wa buluu uligoma,
kwenye daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma:
Pazi, K., mipira miwili, sifuri.
Sifuri kwenye kriketi huitwa bata.
Mburahati waliposikia hivyo walishika magoti kwa kicheko:
"Kaka yako kapanda ndege kwenda kula bata!"

Alirudi Dar na sabuni ndogo za hoteli, nne.
Mama akazinusa moja moja,
akauliza, "Na ulikimbia mara ngapi?"
"Sikukimbia, mama."
"Basi hukuchoka," akasema,
akaenda kutazama maharage.

Hakuna aliyewahi kumweleza mama mchezo huu.
Sisi wenyewe ulituokota tu, shule ya msingi,
siku Mwalimu Murtaza aliposhusha gunia la magongo ya plastiki,
akasema anayetaka kukosa kipindi cha hesabu asogee.
Kibwana alisogea. Mimi nilibaki darasani.
Ndiyo maana leo yeye anapiga, mimi ninahesabu.

Nyumbani aliutia mpira kwenye soksi,
soksi akaifunga kwenye kamba ya kuanikia,
akaupiga kati ya kanga za wapangaji
kabla ya adhana ya alfajiri,
tak, tak, tak,
hadi Mama Sikudhani wa chumba cha tatu akaapa atahama.
Hakuhama. Siku hizi asubuhi ikiwa kimya
anauliza kama kijana anaumwa.

Mechi ya pili, Windhoek: nne.
Mpira mmoja ulivuka mpaka,
uliofuata ukang'oa vijiti.
Ya tatu: kumi na moja, kisha akaachwa katikati.
Mwenzake alisema "njoo", halafu akasema "rudi".
Hakuna safari ndefu
kama ile iliyo kati ya "njoo" na "rudi".

Bosi wake wa duka la vigae, Gerezani,
akamkata siku kumi na mbili.
Baba si mtu wa maneno. Alisema moja tu, sahani ikiwa mbele yake:
"Mbio za sakafuni huishia ukingoni."
Kibwana akanyamaza, akala.
Mimi ndiye niliyekesha na methali ile.
Maana uwanja wenyewe ni nini?
Ukanda wa udongo ulioshindiliwa,
hatua ishirini na mbili,
ukingo huku, ukingo kule.
Mbio zote huishia ukingoni, baba.
Ndiko zinakohesabiwa.
Anayetoka ni yule ambaye hajafika.

Sikumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na saba na daftari.

Mechi ya nne ikaja hapa hapa, Upanga.
Jua la Februari, kunguru juu ya ubao wa matokeo,
na baba kavaa viatu vya Idi,
kakaa nyuma kabisa, karibu na geti,
kama mtu anayepita.

Mpira wa kwanza Kibwana aliuacha.
Wa pili, ule wa Kigali, aliuacha.
Wa tatu, tak.
Niliijua sauti ile: soksi, kamba, giza la uani.
Moja. Moja. Mbili.
Nne, katikati ya watu wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake.
Moja iliyogonga mguu; hiyo si yake, nikaiweka pembeni.
Nne. Nne tena.
Wino wa buluu siku hiyo haukugoma.

Hamsini hakufika.
Mpira ulipanda juu sana, ukakaa huko,
na chini yake mtu amekunja viganja kama anayeomba dua.
Arobaini na saba.
Nikageuka kutazama getini. Baba hayupo.

Kumbe kasimama nyuma ya kiti changu,
kidole chake, chenye kovu la nyundo, juu ya tarakimu zangu.
"Hapa umekosea," akasema. "Mtoto ana arobaini na nane."

Nilijumlisha upya, mara mbili, polepole, ili aone.
Ni arobaini na saba.
"Kweli, baba," nikasema,
nikafunga daftari.